Kuchora mwili kwa herufi za babu: niandike nini mahali nisipokumbuka maneno?

Binti wa Mocímboa (Mtwara Mjini)

Salaam kwenu wanajukwaa, na shikamoo kwa wakubwa.

Mimi ni mchoraji. Nimezaliwa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, baba akiwa Mmwani, yaani mtu wa pwani ya huko, na mama Mmakonde, na tangu vita vya mkoa wetu wa Cabo Delgado vitung'oe kwetu naishi hapa Mtwara kwa ndugu wa upande wa mama. Mashambulizi yalianzia mjini kwetu Oktoba 2017, na Palma iliposhambuliwa Machi 2021 watu walitawanyika zaidi, wengine wakishuka kusini hadi Pemba ya Msumbiji na wengine wakivuka Ruvuma kuja huku. Nayataja haya kwa kuwa swali langu limezaliwa humo.

Babu mzaa baba alikuwa na daftari. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, lakini lugha ilikuwa Kimwani, na kurasa nyingine Kiswahili: siku walizozaliwa watoto, madeni ya samaki, nani amemwoa nani na kwa mahari gani, dawa ya homa, majina ya majahazi na manahodha wake. Daftari lile halikutoka nasi, na nyumba lilimokuwa haipo tena. Nilisoma chuo cha Qur'ani utotoni, kwa hiyo herufi nazijua. Ila mwandiko wa babu naukumbuka kwa macho kuliko kwa maana. Nakumbuka alivyokuwa akiuvuta mkia wa herufi ya yee urudi kulia, upite chini ya neno zima na wakati mwingine hata chini ya neno la jirani. Nakumbuka wino ulivyopauka mwishoni mwa mstari, kisha neno linalofuata likaanza jeusi tititi kwa sababu alikuwa amechovya tena. Ukinipa karatasi naweza kukuchorea ukurasa mzima ukadhani umeuona. Ukiniambia niusome, nitakusomea majina machache tu, basi.

Kazi ninayoifanya sasa ni michoro ya miili. Nachora mgongo wa mama, mikono ya shangazi, shingo ya mwanamke aliyejitwika furushi, na mahali ambapo mchoraji mwingine angeweka kivuli mimi naweka mistari ya mwandiko wa babu, ikifuata mbavu na kuteremka na uti wa mgongo. Mama ana chale za Kimakonde mgongoni na usoni, nazo nazichora, kwa hiyo katika kitambaa kimoja chale na herufi zinakaa pamoja.

Kinachonisumbua ni hiki. Pale nisipokumbuka maneno, mkono wangu hujaza maumbo yanayofanana na herufi lakini hayasemi kitu, na sijui kama huko ni kumwenzi babu au ni kumsingizia. Pili, majirani wakiona kazi huuliza kwanza, "Hii ni aya gani?" na wengine huondoka na uso wa kukereka kabla sijajibu, kwa kuwa wameona herufi za Kiarabu juu ya mgongo wa mwanamke. Naomba wenye ujuzi wa khati (sanaa ya mwandiko wa Kiarabu), wa uchoraji, na wa mambo ya Kimakonde waniambie wanalionaje jambo hili. Nitapokea hata maneno makali.

Maalimu wa Lindi

Waalaykum salaam, binti yangu, na pole kwa yaliyowapata.

Nianze na swali la majirani, kwa sababu ndilo jepesi. Herufi za Kiarabu si aya. Wazee wetu wa mwambao huu waliandikia kila kitu: barua, tungo, hati za mashamba, hesabu za duka. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, hapa hapa mkoani kwetu, zilipigwa maneno ya Kiarabu yenye vina, upande mmoja jina la sultani na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na watu walizishika mikononi wakinunua na kuuza. Huko kwenu kaskazini mwa Msumbiji masheikh na watawala wa karne ya 19 waliandikiana na Wareno kwa Kiswahili cha herufi hizo hizo, na barua hizo zimehifadhiwa mpaka leo katika nyaraka za taifa mjini Maputo. Kwa hiyo babu yako alikuwa katika desturi kongwe, na anayeuliza "aya gani" mjibu kwa upole kwamba ni deni la samaki. Aya ya Qur'ani yenyewe, hapana: usiiweke juu ya mwili ulio wazi, na wala huihitaji, maana hukuniambia kwamba daftari lilikuwa msahafu. Kuhusu kuchora viumbe wenye roho, wanazuoni wana maneno yao na najua umeyasikia. Sitayarudia hapa kwani hukuyauliza.

Wala usidhani kwamba maandishi na mwili ni wageni kwa watu wetu. Unalijua kombe. Maalimu huchukua sahani nyeupe, huandika kwa zafarani iliyolowekwa, mistari ikizunguka kutoka ukingoni kwenda katikati, huiacha ikauke, kisha humimina maji au marashi na kuizungusha sahani taratibu mpaka herufi zote zimeachia na maji yamekuwa ya manjano, na mgonjwa hunywa. Kinachoandikwa huingia mwilini kweli kweli. Lakini angalia adabu iliyomo: maandishi huyeyuka kwanza, hakuna anayetembea nayo yakionekana, na maji yanayobaki hayamwagwi mahali pa kukanyagwa.

Sasa nije kwenye maumbo yasiyosema kitu. Hapo, binti yangu, sikubaliani nawe. Khati ni kipimo. Ukikata kalamu ya tete kwa mshazari na kuiweka karatasini mara moja, unapata nukta, na nukta hiyo ndiyo rula ya kila herufi: alifu ya mwandiko wa naskhi hupimwa nukta tano, ya mwandiko wa thuluthi saba, na tumbo la nuni lina kipimo chake. Aliyeweka misingi hiyo ni Ibn Muqla, waziri wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940. Maadui zake walimkata mkono wa kulia, na inasimuliwa kwamba alifunga kalamu kwenye kigutu akaendelea kuandika. Mtu aliyelipia herufi kwa gharama ile hatutaki kumrudishia vijiti na mikunjo isiyo na jina. Unayo majina machache unayoyakumbuka, yaandike. Yarudie mara mia, kama tulivyorudia chuoni mpaka ubao ukajaa. Wapigie simu wazee wenu walioko Pemba uwaulize nani alizaliwa lini na nani alikuwa nahodha wa jahazi gani, ukaandike upya. Daftari la babu lilikuwa na habari za watu, na watu wengine bado wako hai.

Mchoraji wa Shangani (Mtwara)

Namshukuru Maalimu kwa somo lake, na nakubaliana naye kabisa juu ya aya na juu ya kuwapigia simu wazee. Juu ya maumbo yasiyosomeka naomba nitofautiane naye kwa heshima, kwa sababu yupo mchoraji wa Kiafrika aliyelipitia jambo hili kabla yetu, na njia yake inatufaa.

Ibrahim El-Salahi alizaliwa Omdurman, Sudani, mwaka 1930. Baba yake alikuwa na chuo cha Qur'ani nyumbani, na mtoto alijifunza herufi na mapambo juu ya ubao wa chuoni kabla hajajua kwamba kuna kitu kinaitwa sanaa. Akaenda London kusoma uchoraji katika shule ya Slade kuanzia 1954 hadi 1957, akarudi Khartoum na picha zake za Kizungu, akafanya maonyesho hotelini, na baada ya siku ya ufunguzi watu hawakuja. Lilimuuma. Akaacha kuchora kwa muda akazunguka nchini akitazama watu wanaweka nini kwenye kuta, kwenye mikeka, kwenye vibao vya dua. Kisha akaanza kuweka maandishi madogo ya Kiarabu kwenye pembe ya picha, madogo kama stempu, na watu wakasogea kidogo. Baadaye akafanya jambo ambalo ndilo hasa nataka dada yetu alitafakari: akaivunja herufi. Akaufungua mwili wa herufi hiyo, akatazama nafasi iliyo kati ya mstari na mstari, na humo yakatoka maumbo ya watu, ya wanyama na ya mimea. Herufi zile hazisomeki tena, wala hakuna anayeweza kusema kwamba ni za uongo, kwa kuwa aliyezivunja alizijua tangu utotoni.

Mwaka 1975 alifungwa Khartoum bila kufunguliwa mashtaka, akakaa gerezani zaidi ya miezi 6. Karatasi zilikatazwa. Alichora kwenye vipande vya mifuko ya saruji na kuvifukia mchangani askari walipokaribia. Alipotoka aliihama nchi, akaishi Qatar na baadaye Oxford, na katika miaka ya 1984 na 1985 akachora kwa wino mweusi kazi kubwa ya vipande 9, kila kipande kikikua kutoka kwenye kiini kidogo na kuunganishwa na kingine. Mtu aliyelazimika kuificha kazi yake vipande vipande alijifunza kujenga picha kubwa kwa vipande. Mwaka 2013 jumba la Tate Modern la London lilimfanyia maonyesho ya kazi za maisha yake yote.

Ndiyo maana nasema, dada yangu, tofauti iko kati ya kuvunja na kughushi. Ukiketi ukabuni mikunjo ya kupendeza ili mtazamaji adhani ni maandishi ya kale, hapo Maalimu ana haki ya kukukemea. Lakini ule mkia wa yee unaorudi kulia chini ya neno, na ule wino unaopauka na kuanza upya, ni kumbukumbu kamili. Ni mwendo wa mkono wa babu yako, nawe unao. Maalimu mwenyewe ametupa ushahidi: Ibn Muqla aliandika kwa kigutu kwa sababu kipimo hakikuwa kwenye vidole, kilikuwa katika mtu. Chora mkia ule peke yake, mkubwa, kutoka bega hadi bega. Kausha brashi mwishoni mwa mstari kama kalamu ya babu ilivyokauka. Na mahali usipokumbuka neno wala mwendo wa mkono, usijaze chochote, acha ngozi. Mtazamaji ataona mstari umekatika, na atajua kwamba kuna kitu hakipo.

Kuhusu wanaodhani kila herufi ni aya, hilo haliko Mtwara peke yake. Shirin Neshat, Muirani aliyekwenda Marekani kwa masomo na kukutwa huko na mapinduzi ya 1979, aliandika katika miaka ya 1990 mashairi ya Kiajemi kwa wino juu ya picha za nyuso, mikono na nyayo za wanawake. Watazamaji wengi wa Magharibi walidhani ni Qur'ani, ilhali mengi ni ya washairi wanawake wa Kiirani. Lalla Essaydi wa Moroko, aishiye Marekani, huandika kwa hina juu ya ngozi, nguo na kuta, maneno ya shajara yake mwenyewe, na huyaandika kwa namna ambayo hata msomaji wa Kiarabu hayasomi yote. Kwetu hina na piko viko miguuni na mikononi mwa kila bibi harusi, kwa hiyo njia hiyo ya pili tungeielewa haraka kuliko ya kwanza. Ushauri wangu ni kwamba uandike maelezo mafupi chini ya kila picha, kwa Kiswahili, ukisema ni daftari la nani na lilikuwa na nini. Kujieleza hakupunguzi sanaa mahali ambapo watu wanauliza kwa nia njema.

Mjukuu wa Newala

Nimesoma yote kwa makini, na naona mmezungumza sana juu ya herufi za babu wa kuumeni na kidogo sana juu ya chale za mama. Naomba nizisemee.

Bibi yangu alikuwa na chale usoni na kifuani. Zilichanjwa akiwa msichana, zikapakwa masizi ili kovu libaki jeusi, na hazikumalizwa kwa siku moja, kwa kuwa kidonda kilisubiriwa kipone ndipo fundi arudi. Kuna pembe zinazofuatana, kuna mistari ya msumeno, kuna almasi, kuna mnazi. Kwa upande wetu wa Ruvuma na upande wenu, desturi hii ilikoma kizazi cha wazee, na wanaobaki nazo wanapungua kila mwaka. Usizifanye kuwa mapambo ya pembeni yanayojaza nafasi kati ya mistari ya Kiarabu. Zilikuwapo mwilini mwa mama yako kabla ya karatasi yako, na ndizo maandishi pekee ya ukoo wako yaliyovuka mto bila kupotea hata mstari mmoja.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumuuliza mwenyewe. Chale nyingine ni za kuonekana sokoni na nyingine ni za ndani, zinazojulikana na mume na wanawake wenzake. Mama anaweza kukubali mgongo na kukataa kiuno, na asipoulizwa hatakwambia.

Jambo la pili ni la ufundi. Herufi ni bapa, chale imeinuka; ukipitisha kidole unaisoma gizani. Tazama vinyago vya mapiko, vile vinavyovaliwa katika ngoma za Kimakonde: mchongaji akitaka kuonyesha chale mara nyingi hubandika nyuzi nyembamba za nta ya nyuki juu ya uso wa mti, ili zitokeze kama ngozi ilivyotokeza. Ukizichora chale kwa wino ule ule wa herufi unazifanya kuwa kitu kingine. Ziinue. Rangi nzito, nta, hata uzi ulioshonwa kwenye kitambaa, lakini ziinue. George Lilanga, mzaliwa wa upande wa Masasi, alianza na uchongaji kabla hajageukia uchoraji, na mistari yake mizito inayozunguka kila umbo inaonyesha kwamba mkono uliozoea mti haukusahau. Wewe ni Mmakonde nusu. Hiyo nusu nayo ina mkono wake.

Binti wa Mocímboa (Mtwara Mjini)

Nawashukuru sana, Maalimu, kaka wa Shangani, na ndugu yangu wa Newala.

Nimemuuliza mama. Amekubali chale za mgongoni na za usoni, amekataa za tumboni, na akaomba kazi ya kwanza ibaki nyumbani isiuzwe. Kisha akanishika mkono akanipitisha kidole mgongoni mwake kunionyesha mstari upi ulichanjwa kwanza na upi wa mwisho. Nilikuwa nimezichora kwa kuanzia juu kwenda chini. Kumbe zilianzia katikati zikatoka kwenda mabegani. Nimeanza upya kwa mpangilio huo, kwa rangi nzito iliyochanganywa na unga wa mbao. Shangazi aliyeko Pemba naye amenitumia kwa sauti majina ya watoto wa babu kwa kufuatana, pamoja na wawili waliofariki wachanga ambao sikuwahi kuwasikia. Hao wataandikwa kwa herufi kamili, zinazosomeka, kama Maalimu alivyotaka. Ule mkia wa yee utakuwa wenyewe, kutoka bega hadi bega.

Nabakiwa na shida ya wino. Natumia masizi ya kandili na gundi ya mgunga juu ya kitambaa cha marekani kilichopakwa rangi nyeupe ya maji. Katika joto na unyevu wa huku wino haukauki vizuri, baada ya siku kadhaa gundi huanza kunuka, na nikipitisha brashi yenye maji karibu na herufi zote huchuruzika. Nitengenezeje?

Maalimu wa Lindi

Nimefurahi kusikia habari za wale wachanga wawili. Waandike na jina la mama yao.

Kuhusu wino: gundi yako ni nyingi kuliko masizi, ndiyo maana inanata bila kukauka. Saga masizi na gundi kavu pamoja kwa muda mrefu kabla ya kutia maji, mpaka ukisugua kati ya vidole usihisi chembe. Tia karafuu chache kwenye maji ya moto, yachuje, na tumia maji hayo, maana huzuia gundi isivunde. Ndani ya kidau cha wino weka uzi wa hariri uliosokotwa, ili kalamu isichote wino mwingi kwa mara moja. Masizi ya kandili ni sahihi. Ya jikoni yana mafuta na majivu, yaache.

Kuchuruzika ndiyo tabia ya wino wa gundi. Ndiyo iliyotuwezesha kuosha ubao kila wiki na kuandika somo jipya.

Mchoraji wa Shangani (Mtwara)

Naongeza kwa upande wa kitambaa. Rangi nyeupe ya maji inayouzwa kwa kuta huacha uso mlaini mno, wino hauna pa kushika. Ipunguze kwa maji, paka mara mbili, kisha isugue kwa msasa mwembamba mpaka ikwaruze kidogo. Majina yanayotakiwa kudumu yaandike kwa akriliki nyeusi iliyolainishwa, ambayo ikikauka haiyeyuki tena. Wino wa masizi uutumie kwa ule mkia wa yee na kwa mistari inayofifia, na hiyo unaweza kuiosha kwa makusudi na kuandika juu yake tena, kivuli cha mwandiko wa kwanza kikabaki. Ukisharidhika, kifunike kwa vanishi ya kupuliza, tabaka nyembamba nyembamba, kamwe si kwa brashi kwa sababu brashi itaburuta masizi yote.

Jaribu kwanza kwenye kipande cha marekani kilichobaki, siyo kwenye mgongo wa mama.